Mashine ya kupukuchua mahindi: nipange vipi majaribio ya spidi, nafasi ya drumu na unyevu?

Chuma_Makambako

Wakuu habari za jioni, naomba msaada wa wenye uelewa. Nina karakana ndogo hapa Makambako, natengeneza mashine za kupukuchulia mahindi, zile za drumu yenye meno ya nondo na chekeche chini, injini ya dizeli ya Kichina ya silinda moja. Mashine inapiga kazi, ila kuna mteja analalamika punje zinavunjika sana, mwingine analalamika magunzi yanatoka bado yana mahindi, na kinachonichanganya ni kwamba mashine ni zilezile, vipimo vilevile, nimezichomelea mwenyewe.

Nikasema basi nifanye majaribio nipate vipimo vya uhakika. Utaratibu wangu ni huu: naanza na spidi, nabadilisha puli mpaka nione spidi nzuri, nikishaipata naifunga hapohapo nahamia kwenye nafasi kati ya meno na chekeche, nayo nikiipata naifunga, halafu namalizia na kasi ya kulisha. Sasa kuna kijana wa chuo alikuja na baba yake kununua mashine, akaona daftari langu akasema fundi huu utaratibu hautakupa jibu, tumia dizaini ya eksperimenti, akataja Box-Behnken na Taguchi, baba yake akamwita wakapakia mashine wakaondoka zao.

Nilichonacho ni mzani wa kidijitali, simu, na kipima unyevu cha kuazima kwa jamaa ananunua nafaka. Maabara sina. Je ni kweli utaratibu wangu ni mbovu? Na hayo majaribio ni mangapi, maana kila ukiwasha ni mafuta na mahindi ya mtu.

---

Takwimu_na_Jembe

Mkuu kijana kasema kweli ila kakuacha njiani.

Shida ya kubadilisha kimoja kimoja ni kwamba unachukulia spidi ina namba yake nzuri bila kujali nafasi ikoje, na kwenye hizi mashine haiko hivyo hata kidogo. Ngoja nikupe mfano, na hizi namba nimezitunga ili uone hesabu, usizichukue kama matokeo ya mashine yoyote. Tuseme nafasi ni pana, milimita 35. Ukitoka mizunguko 500 kwa dakika kwenda 800, punje zilizovunjika zinatoka 1% zinafika 2%. Ukibana nafasi ikawa milimita 25, mabadiliko yaleyale ya spidi yanakutoa 2% mpaka 7%. Sasa fundi aliyeanzia kwenye nafasi pana ataandika kwenye daftari "spidi haina shida", na mwenzake aliyeanzia kwenye nafasi nyembamba ataandika "spidi ndo mchawi", na wote wamepima vizuri tu. Ukichukua wastani unapata athari ya spidi ni 3 (4.5 toa 1.5) lakini hiyo 3 huikuti popote kwenye mashine, kwenye nafasi pana ni 1 na kwenye nyembamba ni 5. Huko kutegemeana ndo kunaitwa mwingiliano na ndo utaratibu wako hauwezi kuuona, hata ukirudia mwaka mzima.

Dawa yake ni kubadilisha vyote kwa mpango. Una vigezo vitatu: spidi, nafasi, kasi ya kulisha. Kila kimoja kipe kiwango cha chini na cha juu, mchanganyiko wote unakuwa 8. Na hapa ndo watu hawaamini mpaka wakae chini na kalamu: kwenye hayo 8, kila kigezo kinatumia majaribio YOTE, manne ya chini dhidi ya manne ya juu. Ukitaka uhakika wa namna hiyohiyo kwa njia yako ya kimoja kimoja unahitaji manne ya msingi halafu manne kwa kila kigezo, jumla 16, na mwingiliano bado huujui. Kwa hiyo kwenye mafuta una nafuu, sio hasara.

Juu ya hayo 8 ongeza majaribio matatu au manne ya katikati kabisa (spidi ya kati, nafasi ya kati, kulisha kwa kati). Yana kazi mbili. Kwanza kwa kuwa ni kitu kilekile kinarudiwa, tofauti kati yao inakuonyesha mashine yako inayumba kiasi gani yenyewe bila wewe kugusa kitu, na usipojua hilo utashangilia tofauti ya nusu asilimia ambayo ni kelele tu. Pili, kama katikati iko mbali na wastani wa pembe nane (yale majaribio 8) ujue kuna kona, mstari haujanyooka, hapo ndo unahamia kwenye mipango ya viwango vitatu kama hiyo Box-Behnken.

Box na Behnken waliitoa 1960. Kwa vigezo vitatu ni majaribio 12 na ya katikati 3, jumla 15, wakati ukisema ujaribu kila mchanganyiko wa viwango vitatu ni 27. Kizuri chake kwa mtu wa mashine ni kwamba haigusi pembe. Hakuna jaribio lenye spidi ya juu kabisa NA nafasi nyembamba kabisa NA kulisha kwingi kabisa kwa pamoja, na wewe unajua pembe hiyo ikifanyika kitatokea nini, ama drumu inakaba ama jino linaruka.

Taguchi, yule mhandisi wa Kijapani, ana jedwali linaitwa L9, vigezo vinne vya viwango vitatu kwa majaribio 9 tu. Linavutia kwa bei lakini ukijaza vigezo vyote vinne mwingiliano unajificha ndani ya athari za vigezo vyenyewe, huwezi kuutenganisha, yaani unarudi palepale tulipotoka. Siwapendi sana wanaolitumia kila mahali kisa ni dogo.

---

Mzee_wa_Nondo

Vijana mna maneno. Mimi hizi mashine nimeanza kuzitengeneza kabla hamjajua simu ya kugusa, na sijawahi kupiga hesabu ya Behnken. Mashine unaisikiliza. Ikilia kwa kugonga kavu ujue punje zinapasuka, ikilia kwa kukoroma ujue umelisha kupita kiasi. Kitu kingine hamjasema, mnaandika spidi 500 spidi 800 mmeipata wapi? Mmegawanya puli kwa puli. Mkanda unateleza, injini ikielemewa inashuka, hiyo 800 yenu mahindi yakiingia inakuwa hadithi nyingine. Na meno yanalika. Mashine ya msimu wa pili sio mashine ya msimu wa kwanza.

---

Takwimu_na_Jembe

Shikamoo mzee. Hilo la mkanda ni la msingi kuliko nusu ya niliyoandika juu. Hesabu ya puli inakupa pa kuanzia tu: injini mizunguko 2000, puli yake inchi 4, ukiweka puli ya inchi 16 kwenye drumu unapata 500, inchi 12 unapata 667, inchi 10 unapata 800. Hiyo ni kwenye karatasi. Inatakiwa takometa (kipima mizunguko) ya mwanga, zipo za bei ya kawaida, unabandika kipande cha karatasi inayong'aa kwenye puli ya drumu unasoma wakati mahindi yanaingia, na namba inayoandikwa kwenye daftari ni hiyo iliyosomwa na sio ya kwenye karatasi. Na wala usihangaike kwamba 667 sio katikati kamili ya 500 na 800, kwenye regresheni (hesabu ya kutafuta mstari unaoendana na data) unaingiza spidi halisi iliyosomwa, programu haijali.

Halafu ukitaka mtu mwingine mwenye drumu ya saizi nyingine afaidike na matokeo yako andika na spidi ya ncha ya meno. Drumu ya kipenyo cha sentimita 30, ncha ya jino mpaka ncha ya jino, ikizunguka 600 kwa dakika, ncha inakwenda kama mita 9.4 kwa sekunde. Punje inapigwa na jino, haipigwi na mizunguko. Ndo maana mtu anakopi "mizunguko 700" ya fundi mwingine akaiweka kwenye drumu kubwa zaidi, anasaga mahindi.

Kuhusu kusikiliza mashine mzee mimi sikatai, sikio lako ni kipimo. Ila mteja wa Chuma yuko kijijini sikio lako halipo.

---

MamaNafaka_Kibaigwa

Naomba niseme kitu kwa upande wa soko, mimi nanunua. Mnapima vitu viwili, punje zilizovunjika na mahindi yaliyobaki kwenye gunzi, na naona mnaviweka sawa. Sio sawa jamani. Gunzi likitoka na mahindi mkulima na watoto wake wanakaa wanamalizia kwa mkono, ni usumbufu lakini mahindi hayajapotea. Punje ikishavunjika imeshavunjika. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi daraja la kwanza hakitaki punje zilizovunjika zizidi 2%, la pili 4%, la tatu 6%, na unyevu usizidi 13.5%. Mzigo ukija na vumbi na vipande mimi nauchekecha na nakata bei, sina namna.

Na kuna ghala. Punje iliyopasuka fukusi anaingia bila hodi, na ukungu unashika hapo kwanza. Sumukuvu sio stori, 2016 watu walifariki huku Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mnapotafuta huo "ubora" wenu muamue kwanza kipi ni kibaya zaidi.

---

Chuma_Makambako

Dada asante sana, hilo nilikuwa naliona kinyume kabisa, mimi niliogopa zaidi gunzi lenye mahindi kwa sababu ndilo mteja analiona pale pale mashine ikiwa inawaka.

Takwimu, nimeelewa mpaka kwenye 8 na za katikati. Maswali: punje zilizovunjika napimaje bila maabara? Na unyevu uko wapi kwenye huo mpango wako, maana vigezo ulivyotaja ni vitatu na unyevu haumo, na mimi naamini wateja wangu wanatofautiana hapo.

---

KitaleShamba

Salamu kutoka Kitale wadau. Huku Trans Nzoia shela (mashine za kupukuchua) kubwa kubwa zinafungwa kwa PTO, ile shafti ya nyuma ya trekta ya kuzungushia mashine, mizunguko 540, kwa hivyo spidi naibadilisha kwa akselereta tu, sihitaji kufungua puli. Mimi naona mwenzangu wa Makambako ako na kazi kwa sababu kila akibadilisha spidi lazima afungue boliti, akaze mkanda. Sasa nauliza, ni lazima aende kwa mpangilio wa kuchanganyachanganya ama anaweza fanya spidi moja yote amalize, kisha aende kwa ingine? Juu hiyo ya kuchanganya itamla siku.

---

Takwimu_na_Jembe

Maswali yote matatu ni mazuri na yanaingiliana kwa hiyo nitajibu kwa pamoja, mnivumilie ni refu.

Naanza na unyevu. Chuma, huo ndo sababu ya mashine ileile kupata malalamiko mawili tofauti, naweza kuweka dau. Mahindi makavu sana punje inapasuka kwa kugongwa. Yenye maji punje inang'ang'ania kwenye gunzi, ikitoka inachunika na kupondeka. Kwa hiyo mteja wa kwanza alikuja na mahindi yaliyokaa juani wiki nzima, wa pili alivuna akaleta. Na wewe unyevu huwezi kuufunga na boliti. Unauza mashine, mtu anaenda nayo, anachoingiza hukijui. Hapa ndo nampa Taguchi heshima yake: alitenganisha vitu unavyoweza kuvipanga (spidi, nafasi) na vitu ambavyo huna mamlaka navyo baada ya kuuza, hivi vya pili akaviita kelele, akasema usitafute mpangilio wenye wastani mzuri tu, tafuta mpangilio ambao kelele ikibadilika matokeo hayayumbi. Kwa hiyo kila mpangilio wa mashine upitishe mahindi ya aina mbili, makavu karibu 13% na yenye maji karibu 18%. Halafu unaangalia: kwenye spidi hii na nafasi hii, tofauti kati ya kavu na yenye maji ni kubwa au ndogo? Mwingiliano wa unyevu na spidi ndo unaoutafuta kuliko kitu kingine chochote. Kuna mpangilio utakuwa sio bora kwa mahindi makavu, sio bora kwa yenye maji, lakini ni mzuri wa kutosha kwa yote mawili, na huo ndo wa kuuza.

Kuhusu kupata huo unyevu mbili, tafadhali usichukue mahindi makavu ukayamwagia maji ili upate ya 18. Punje iliyokauka ikalowa tena inapata nyufa za ndani, sio sawa na punje ambayo bado haijakauka. Chukua mahindi ya shamba moja, mbegu moja, yakiwa na maji, nusu anika nusu funga kwenye mifuko ya nailoni, pima kila siku. Ile njia ya chumvi kwenye chupa (unatikisa mahindi na chumvi kavu, ikinata kwenye chupa yana maji) ni nzuri nyumbani lakini inakuambia tu uko juu au chini ya kama 15%, haitoshi kwa kazi hii. Hicho kipima unyevu cha kuazima kinatosha ila kama unamjua mtu mwenye oveni pelekeni sampuli mkilinganishe, kwa mahindi mazima njia ya maabara ni nyuzi 103 kwa saa 72, vile vya kushika mkononi vinadanganya hasa kwenye yenye maji.

Sasa swali la Kitale. Kuchanganya mpangilio kwa kura hakuna mbadala na sababu zake ziko hapohapo kwenye karakana. Asubuhi injini ni baridi, mchana imepata joto. Mahindi yanaendelea kukauka wakati unafanya kazi. Mtu anayelisha anachoka, saa tisa halishi kama saa tatu. Ukifanya spidi 500 zote asubuhi na 800 zote mchana halafu ukaona punje zinavunjika zaidi kwenye 800, umejuaje ni spidi na sio jua? Hujui. Huwezi kujua tena, hata upate mtaalamu gani wa hesabu.

Lakini pia ni kweli kufungua puli kila baada ya dakika kumi ni adhabu. Kuna njia ya katikati na ni ya zamani, ilitokea shambani Rothamsted kule Uingereza alikokuwa Fisher tangu 1919, wao tatizo lao lilikuwa vitu kama umwagiliaji au kulima ambavyo huwezi kubadilisha kwenye kijieneo kidogo, wakafanya ploti kubwa za kile kigumu na ndani yake ploti ndogo za kile chepesi. Wewe kigumu chako ni puli. Piga kura ya puli: kwa mfano 667, 500, 800, halafu siku nyingine zote tena kwa kura mpya. Ndani ya kila puli unapiga kura ya nafasi, ya kulisha na ya aina ya mahindi. Unaokoa muda, ila kuna bei yake mbili. Moja, lazima kila puli irudi zaidi ya mara moja, ukifunga puli ya 800 mara moja tu ukafanya majaribio sita hapo hayo sio marudio sita ya spidi, ni moja. Mbili, ukifika kwenye hesabu usitumie ANOVA (hesabu ya kupima kama tofauti ni ya kweli au kelele) ya kawaida kama vile umechanganya vyote, itakudanganya kwamba spidi ina uhakika mkubwa kuliko ulionao, inabidi useme kwenye programu kwamba kuna makosa ya ngazi mbili, ya kufunga puli na ya kila jaribio. Wewe wa Kitale mwenye akselereta huna kisingizio, changanya vyote.

Na kupima punje. Kabla ya kuwasha chochote pukuchua kwa mkono kilo kadhaa kutoka kwenye mahindi hayohayo, hesabu zilizovunjika na zilizoliwa. Hiyo ni ya kwako ya kulinganisha, kuna punje zinakuja zimeshaharibika shambani na mashine inasingiziwa. Kila jaribio pima magunzi yenye mahindi kwa kilo kabla ya kuingiza, weka saa, kasi ya kulisha ni kilo kwa dakika, bila hivyo "kulisha kwingi" ni maneno matupu. Usianze kukusanya sekunde ya kwanza, subiri drumu ijae. Ukipata rundo la punje usichote juu, vipande vidogo vinashuka chini, changanya ufanye kichuguu, ugawe robo nne, chukua robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka ubaki na kama kilo moja, hiyo ndo unachambua. Anayechambua asijue ni jaribio namba ngapi, andika mfuko kwa herufi tu. Sio kwamba watu ni waongo ila ukijua hii ndo ile spidi ya juu jicho linaanza kuona mipasuko.

Magunzi nayo yakusanye yote, uchambue kwa mkono, mahindi yaliyotoka humo gawanya kwa jumla ya mahindi yote ya jaribio hilo (yaliyotoka kwenye mashine na hayo ya kwenye magunzi).

---

Mzee_wa_Nondo

Marahaba kijana, nimeona umejibu vizuri nilidhani utaleta kiburi. Niongeze moja, mbegu. H614 na UH6303 na ile ya kienyeji gunzi zake hazilingani, nafasi ya milimita 30 kwa gunzi nene ni kubana kwa gunzi jembamba ni kuachia. Sasa atajaribu mbegu ngapi huyo?

---

Takwimu_na_Jembe

Mzee anaanza na mbegu moja, akipata mpangilio anauthibitisha kwa nyingine mbili. Ukiingiza kila kitu mwanzoni majaribio yanakimbia mikononi. Kama ana uwezo basi mbegu iwe bloku, yaani mpango mzima unafanywa kwa mbegu ya kwanza halafu mpango uleule kwa ya pili, mbegu zisichanganywe kwenye rundo moja.

---

Mwanafunzi_AgEng

Samahani naingia kati, mimi nipo mwaka wa nne na mradi wangu ni mashine ya kupura maharage, nimetumia Box-Behnken majaribio 15, nikapata R² ya 0.98, yaani modeli inaeleza 98% ya mabadiliko ya matokeo. Msimamizi amefurahi. Je hapo nimemaliza?

---

Takwimu_na_Jembe

Hongera ila punguza shangwe kidogo. Modeli (mlinganyo) kamili ya vigezo vitatu ina namba 10 za kukadiria: moja ya msingi, tatu za vigezo, tatu za miraba, tatu za mwingiliano. Una data 15. Zimebaki 5 za kukuambia kama umekosea. Kwa hali hiyo R² ya 0.98 sio muujiza, hata data ya hovyo inaweza kukupa namba ya kupendeza. Angalia vitu vitatu. R² ya utabiri, ile ambayo kila data inatolewa nje na kutabiriwa na zilizobaki, ikishuka sana ukilinganisha na hiyo 0.98 kuna tatizo. Kipimo cha modeli kutotosha, kinacholinganisha makosa ya modeli na mtawanyiko wa zile za katikati. Na mabaki (tofauti ya ulichopima na modeli ilichosema), yachore dhidi ya mpangilio wa muda uliofanyia kazi, kama yanapanda au kushuka ujue joto au unyevu umekupitia mgongoni.

Halafu chukua ule mpangilio ambao modeli imesema ni bora, weka mashine hivyo, fanya majaribio mapya kadhaa kwa maharage mapya. Matokeo yakiangukia ndani ya upana ambao modeli ilitabiri, hapo sawa. Nasoma ripoti nyingi zinazoishia kwenye picha ya rangi rangi ya milima na mabonde na mtu hajarudi hata mara moja kuwasha mashine. Na kama "bora" yako imeangukia ukingoni kabisa mwa viwango ulivyojaribu, hujapata bora bado, umeambiwa tu usogee upande huo.

---

Chuma_Makambako

Nashukuruni sana. Naomba nirudie nilivyoelewa mnisahihishe. Nitatumia spidi tatu kwa puli za inchi 16, 12 na 10, nafasi milimita 25, 30 na 35, kulisha nitakuweka kwenye kiwango kimoja cha kilo kwa dakika kisichobadilika kwanza kwa sababu mteja ndo anaamua, unyevu mbili. Puli kwa kura, na zote zinarudi siku ya pili kwa kura nyingine. Kwenye hesabu nitatumia Excel. Na jibu nitalichagua hivi: punje zilizovunjika zisizidi 2% kwenye mahindi makavu wala yenye maji, na kati ya mipangilio itakayopita hapo nachukua inayoacha mahindi machache kwenye gunzi.

---

Takwimu_na_Jembe

Safi, na hapo mwishoni umeruka hesabu nyingi za watu. Wapo wanaochanganya malengo mawili kuwa alama moja, kuna njia maarufu ya Derringer na Suich ya 1980, ila kwa kazi yako kuweka ukomo kwenye kile kibaya halafu kupunguza kingine inaeleweka zaidi na mama wa Kibaigwa ameshakupa ukomo wenyewe. Ila kumbuka kwenye huo ukomo wa 2% kutoa zile zilizovunjika kabla, za kupukuchua kwa mkono. Kama 1% ilikuja imevunjika toka shambani mashine imebakiwa na 1% tu ya kuchezea.

Kulisha kukifungwa kwenye kiwango kimoja ni sawa, ila chagua kiwango cha mteja mwenye haraka sio cha karakana. Na ile kauli ya "mteja ndo anaamua" inamaanisha kulisha nako ni kelele kama unyevu, kwa hiyo ukishapata mpangilio wako, kwenye majaribio ya kuthibitisha lisha kidogo, lisha kwingi, uone kama unavumilia.

Idadi: puli 3, nafasi 3, unyevu 2 ni 18, na kurudia siku ya pili 36. Ikiwa ni nyingi, siku ya kwanza fanya nafasi mbili tu za ukingoni, unabaki na 12, uangalie kwanza kama kuna dalili za maana. Usiache kurudia puli, hilo usilipunguze.

Excel inatosha kuchora na kupata wastani, ila kwa ngazi mbili za makosa itakusumbua. R ni programu ya takwimu ya bure, ina kifurushi kinaitwa rsm, hata mpango wa Box-Behnken inakutolea ukiandika bbd(3) na inauchanganya yenyewe. Kwa mpango wako wa puli utahitaji modeli mchanganyiko, ile inayokubali makosa ya ngazi mbili, sio ngumu, ni mistari michache.

---

KitaleShamba

Na meno kulika je, ile mzee alisema? Akifanya siku mbili meno si yatakuwa bado mapya, sasa msimu ujao mpangilio unabaki ule ule kweli?

---

Mzee_wa_Nondo

Haubaki. Jino likilika milimita tatu nafasi yako ya 30 imekuwa 33 bila wewe kujua. Ndo maana mimi naweka boliti za kurekebisha chekeche na namwonyesha mteja kipande cha bati cha kupimia. Chuma weka hivyo, na jaribio moja fanya na drumu ya zamani uliyoletewa kufanyiwa matengenezo, huko utajifunza zaidi.

---

Chuma_Makambako

Drumu kuukuu ninayo moja imeletwa juzi, meno yamekuwa butu kabisa. Mzee hiyo nitaiingiza baada ya kupata mpangilio kwa meno mapya, au niifanye siku ileile?

---

Takwimu_na_Jembe

Baada. Ukiiingiza sasa drumu inakuwa kigezo kigumu kuliko hata puli. Andaa jedwali lako la mistari 36 lenye siku, puli, nafasi, aina ya mahindi na herufi ya mfuko, matokeo yaache wazi, ulibandike hapa kabla hujawasha injini ili nikupigie kura ya mpangilio, maana watu wakijichanganyia wenyewe kichwani huwa wanaanza na zile rahisi.